Mgeni wa Mujalli

Kwanza ilikuwa harufu ya kisima. Nyumba ya Mujalli pale mtaani Hasaba ilikuwa na wiki tatu bila tone la maji, tangi la juu limetobolewa na risasi, lakini ngazi zake zilinuka tope bichi. Taqiya, mkewe, alizifagia mara mbili. Harufu haikutoka.

Mujalli alijua ilikoanzia, ila hakuwa na ulimi wa kusema. Juzi adhuhuri, askari wa serikali walioshika jengo la ghorofa nne ng'ambo ya barabara walipoanza kuzipiga makombora nyumba za watu wa kabila lake waliowaasi, mtu alibisha hodi mlangoni kwake katikati ya moshi.

"Niko usoni pako, Mujalli," sauti ilisema.

Kwa watu wa kabila maneno hayo hayana mjadala. Anayeyasema anaomba hifadhi, na anayemwitikia amejifunga, hata kama mwombaji amemuua ndugu yake. Mwenye akili angechungulia kwanza. Mujalli, ambaye kiburi humtangulia kila aendako, aliitikia kabla hajagusa komeo: "Uko usoni pangu. Karibu ndani." Akafungua. Hapakuwa na mtu. Upepo wa baridi ulimpita magotini ukapanda ngazi.

Sasa binti yao Sabah, mtoto wa miaka saba, alikuwa chini ya mablanketi manne, jua la mchana likiwaka dirishani, na midomo yake ilikuwa imegeuka rangi ya majivu.

"Mgeni anasikia baridi," alinong'ona. "Analala na mimi ili nimpashe joto."

"Baba Sabah," Taqiya alisema polepole, "umetuletea nini humu ndani?"

Ndipo akamwambia. Taqiya hakulia. Alimtazama kama mtu anayetazama maziwa yaliyomwagika, kisha akajifunika akatoka. Wasuluhishi walikuwa wamepata saa mbili za kusitisha mapigano, naye alizitumia kumleta fakihi Luqman wa uchochoro wa nyuma.

Fakihi aliketi kando ya kitanda akaanza kusoma, na kadiri alivyosoma ndivyo harufu ya tope ilivyozidi, kuta zikaanza kutoa jasho, pumzi zao zikawa zinaonekana mchana kweupe, mpaka kinywa cha mtoto kikafunguka bila midomo kutikisika, na sauti iliyotoka humo haikuwa ya mtoto wala ya mtu wanayemjua.

"Usijichoshe, fakihi. Sikuvunja mlango. Kisima changu kimeangushiwa ukuta, nikabisha, nikakaribishwa."

Fakihi alifunika msahafu. "Aya humtoa mvamizi," alimwambia Mujalli kwa sauti ya chini. "Huyu umempa neno lako."

"Basi nalirudisha."

"Lirudishe, naye atakuwa na haki ya kisasi. Kisasi chake hicho hapo kitandani." Aliinuka. "Mgeni hafukuzwi, mwanangu, unajua hayo. Husindikizwa hadi kwa mwenyeji mwingine, naye aseme kwa kinywa chake kwamba amempokea."

"Nani ampokee?"

Taqiya alikuwa dirishani. "Wale," alisema, akionyesha jengo la askari. "Nafasi wanayo."

Mujalli alivua jambia lake, akainua kitambaa cheupe. Alipokanyaga barabara, kiganja chenye maji maji kiliingia kwenye mkono wake wa kushoto kikamshika vidole.

"Mujalli, unakwenda kuwapigia magoti?" mmoja wa wapiganaji wa kabila alimwita toka nyuma ya magunia ya mchanga. "Wasalimie na mama zao."

Hakugeuka. Alihesabu hatua kati ya maganda ya risasi na magari yaliyoungua, huku kile kiganja kikimbana na kuzidi kuwa kizito, na kitu nyuma yake kikivuta miguu kwenye vumbi, na yeye akijiambia asitazame chini, asitazame chini, kwa sababu upande ule kivuli chake kilikuwa na mikono mingi kuliko yake.

Mlangoni alisimama askari mwenye pua iliyobabuka kwa jua.

"Mjomba, umepotea au umekuja kujisalimisha?"

"Nina mgeni. Kwangu hakuna maji wala unga. Mtampokea?"

"Yuko wapi?"

"Nyuma yangu. Ana haya."

Askari alicheka, lakini naye alikuwa mtoto wa kabila, na lafudhi ya milimani ilimtoka. "Hata sisi tumelelewa. Nimempokea, yuko usoni pangu." Kisha akachomoa chupa ya maji kiunoni. "Shika, wapelekee watu wako nyumbani."

Kile kiganja kilimwachia. Mujalli alijua kwamba bado angeweza kusema neno la kumwonya askari. Alichukua maji akarudi, na aibu ilimchoma hadi mlangoni kwake.

Alasiri Sabah alipata joto. Kesho yake aliomba chakula. Toka lile jengo haikulia hata risasi moja, na wapiganaji wakatafuna mirungi yao juani, wakisema serikali imekimbia.

Siku iliyofuata, wakati wa chakula cha mchana, sauti iliita toka ghorofa ya pili, imekauka.

"Mjomba. Wenzangu wamepoa wote, hawaamki. Njoo umchukue mgeni wako. Mjomba, nakuomba."

Wapiganaji waliangua kicheko. Taqiya aliinuka akafunga dirisha, lakini sauti ilipenya.

Sabah aliweka mkate chini. "Baba, anakuita wewe?"

"Simjui," Mujalli alisema. "Kula."