Kabati la Viatu la Shangazi Devleta

Saa tatu asubuhi, Jumamosi moja ya Oktoba mwaka 2009, mvua ilikuwa ikinyesha Lipovac, mji mdogo wa Bosnia, na kila mlango wa jengo moja la ghorofa nne ulikuwa na viatu nje, isipokuwa mmoja. Mlango huo ulikuwa ghorofa ya pili. Kibao chake kilisema: Kituo cha Wanawake.

Nejra, msichana wa miaka kumi na miwili, alifika hapo na ndoo. Kila Jumamosi alimsaidia shangazi yake, Devleta, aliyekuwa msimamizi wa Kituo. Alipiga deki, alisaga kahawa, kisha alirudi nyumbani kufanya kazi za shule. Alijua kwamba Kituo kiliwasaidia wanawake waliobakwa na askari wakati wa vita. Shangazi yake alikuwa amemweleza hivyo bila kuzungukazunguka: kubaka ni jinai, na aibu yake ni ya aliyetenda, si ya aliyetendewa. Wanawake walikuja kuzungumza, kuonana na daktari, au kumwona wakili aliyetoka mji wa Tuzla kila Jumanne.

Kitu kimoja Nejra hakukielewa. Kwao mgeni huvua viatu nje ya mlango, na msichana wa nyumba huvigeuza ncha zielekee ngazi, ili mgeni avivae kwa urahisi akiondoka. Bibi yake alimfundisha hivyo tangu akiwa mdogo. Lakini katika Kituo kila mwanamke aliingia na viatu vyake mkononi na kuviweka ndani ya kabati kuukuu lenye milango miwili iliyochubuka rangi.

Asubuhi hiyo maji ya matope yalikuwa yakitiririka kutoka chini ya kabati. Ndani mlikuwa na jozi tatu. Shangazi Devleta alikuwa chumbani na wageni, mlango umefungwa. Nejra alivitoa viatu vyote, akavifuta, akavipanga nje juu ya boksi lililokunjuliwa, ncha zikielekea ngazi. Kisha akapiga magoti kusafisha kabati. Aliridhika na kazi yake.

Jozi ya mwisho ilikuwa ya kahawia. Bizimu ya kiatu cha kushoto ilikuwa imepotea, na mahali pake palishonwa kifungo cheusi cha koti. Mji mzima uliijua jozi hiyo. Mwenyewe, Bi Zumra, aliuza pilipili na jibini sokoni, na kila mnunuzi alimwona amekaa kwenye kigoda, miguu mbele. Nyumbani kwake alikuwa amesema anakwenda kwa mshonaji.

Saa nne Bi Zumra alitoka chumbani, akafungua kabati, akalikuta tupu. Alifungua mlango wa nje. Bi Sefika, mjane wa ghorofa ya chini, alikuwa amesimama pale na beseni la nguo akielekea darini. Alikuwa ameinama kidogo, anatazama viatu.

Bi Zumra alivaa viatu bila kuvifunga, akashuka. Kifungo cheusi kiligonga kila ngazi.

Shangazi Devleta alikuja mbio. "Nani ametoa viatu?"

Nejra alikuwa ameshika kitambaa kilicholowa. "Sijui, shangazi. Labda wametoa wenyewe."

Devleta alimtazama, kisha akatazama ngazi. Hakuuliza tena.

Jumanne wakili alifika na mkoba wake, akasubiri hadi saa nane. Bi Zumra ndiye aliyetakiwa kuja. Mwanamume aliyembaka alikuwa amekamatwa na kesi ilikuwa mahakamani Sarajevo, na siku hiyo ndiyo Bi Zumra alikuwa ameahidi kutia sahihi kwamba atatoa ushahidi. Bila yeye, wakili alisema, shtaka hilo lingeondolewa.

Nejra alikuwa jikoni, anasikia kila neno. Wakili alipoondoka, aliweka kinu cha kahawa mezani.

"Ni mimi, shangazi. Nilitoa viatu nisafishe kabati. Kisha nikakudanganya."

"Nilijua," Devleta alisema. "Nani mwingine katika jengo hili anageuza ncha kwa unadhifu huo? Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe. Kaa."

Alimimina kahawa ya kwake, akampa Nejra kipande cha sukari.

"Mwaka 1993 nilikuwa muuguzi wa zahanati. Wanawake walianza kufika nyumbani kwangu, hapa hapa, jikoni hapa. Hatukuwa na fedha, kibao wala jina. Tulikuwa na jiko la kuni na mlango unaofungika. Alikuja mmoja na viatu vyekundu. Nilikuwa nimelelewa kama wewe, nikavigeuza vizuri nje ya mlango. Shemeji yake akapita, akaviona."

"Ikawaje?"

"Mwanamke yule hakurudi. Baadaye alihama mji. Hilo tu ndilo ninalolijua kwa hakika, na mengine sitayabuni." Alikunywa kidogo. "Wiki iliyofuata fundi seremala alinitengenezea kabati hilo kwa milango ya shule iliyopigwa bomu. Unaandika historia ya Kituo kwa ajili ya mwalimu wako, si ndiyo? Basi anza hapo. Kabati lilitangulia meza, simu na wakili. Mwaka 2006 sheria ilipowatambua wanawake hawa kuwa wahanga wa vita, kibao chetu kilikuwa bado hakijawekwa, lakini kabati lilikuwepo."

Nejra alifuta macho. "Nitakwenda sokoni nimwombe radhi."

"Mbele ya wateja? Umtangaze mara ya pili?"

"Basi nifanye nini?"

"Kwake, hakuna. Ataamua mwenyewe. Nenda kwa Bi Sefika. Mwambie ulilofanya wewe. Usimtaje mtu, na usimwombe chochote."

Bi Sefika alikuwa akikanda unga wa pita, mkate wao wa kujazwa jibini. Alisikiliza bila kuacha kukanda.

"Kwa hiyo wewe ndiye mwenye mikono ya usafi," alisema. "Ulivifuta vizuri, sikatai."

"Ndiyo, bibi. Sikupaswa kuvitoa."

"Na shangazi yako anadhani nimekwenda kuvitangaza?"

"Hakusema hivyo."

"Lakini hakusema sivyo." Bi Sefika aliugeuza unga. "Sikiliza, mwanangu. Macho yangu ni ya kuonea viatu, mdomo wangu ni wa kunywea kahawa. Tangu Jumamosi sijamwambia mtu. Tatizo ni kwamba mwenye viatu hajui hilo, na mimi siwezi kumpigia mbiu kwamba sijapiga mbiu."

Alikanda hadi unga ukawa laini.

"Baba yako ana jozi ngapi?"

Kesho yake asubuhi, mbele ya mlango wa Kituo palikuwa na buti za mgodini za marehemu mume wa Bi Sefika, viatu vya baba yake Nejra, na kandambili mbili zisizofanana. Bwana Ferid wa ghorofa ya tatu alisimama akashika kiuno.

"Bi Sefika, mbona marehemu amehamia huku juu?"

"Amekuja kutembea. Lete na vyako, asikae peke yake."

"Na mimi nitavaa nini kazini?"

"Hivyo hivyo vya miguuni. Lete vile ulivyonunua ukavificha mkeo asivione."

Mkewe alivileta mwenyewe, akicheka. Kufikia Alhamisi palikuwa na viatu vya ghorofa zote nne, na kila mtu alipita kuchukua na kurudisha vyake kadiri alivyohitaji. Bi Sefika hakumweleza yeyote sababu, na baada ya siku mbili hakuna aliyeuliza.

Ijumaa alikwenda sokoni, Nejra akimbebea kikapu. Alisimama kwa Bi Zumra, akachagua pilipili moja moja.

"Ngazi zetu siku hizi ni balaa," alisema. "Viatu vimejaa mpaka mlango wa Devleta. Vya kwangu mwenyewe sivitambui, sembuse vya wengine."

Bi Zumra alipima pilipili. "Kilo mbili," alisema. Alimtazama Bi Sefika, kisha Nejra, kisha akaongeza pilipili mbili juu ya mizani.

Jumamosi saa tatu Bi Zumra alipita katikati ya viatu vya majirani, akavua vyake ndani, akaviweka kabatini. Nejra alisimama mbele yake.

"Nisamehe, bibi. Mimi ndiye niliyevitoa."

"Kifungo kimelegea," Bi Zumra alisema. "Una sindano?"

Nejra alikishona. Jioni, wakikausha vikombe, Devleta alimwambia:

"Kosa lako ulilificha siku tatu. Jambo la Zumra ulilianika kwa dakika moja. Ilipaswa iwe kinyume. La kwako liseme mapema. La mwenzako ni lake. Yeye ndiye atakayechagua siku na mahali pa kulisema, na akitaka asiliseme kabisa."

Jumanne Bi Zumra alitia sahihi.

Mwezi wa Aprili alitoa ushahidi Sarajevo, mwanamume yule akiwa ameketi katika chumba kile kile. Hukumu ilikuwa haijatolewa. Kesho yake asubuhi alifika Kituo akiwa na bakuli la jibini, mvua imekatika, majirani wawili wakishuka ngazi. Alivua viatu vyake vya kahawia nje. Nejra aliinama avichukue avipeleke kabatini.

"Viache hapo," Bi Zumra alisema. Akavigeuza mwenyewe, ncha zikaelekea ngazi, akaingia.