Kaboni ya Pili Kutoka Mwisho

"Kipanga, hapa Songea. Mmoja wa wale wakemia wawili ni mtu wa Wareno. Ametega bomu kati ya dawa. Nimemaliza."

Lukresia, aliyeitwa Kipanga redioni, alizima redio ya Land Rover, akasonya.

Kwenye gati ya Mbamba Bay, boti ilikuwa imeshapakia makreti ya dawa. Majeruhi wa vita ya ng'ambo walikuwa wamelala hospitalini Lipingo wakizisubiri. Kuyatupa yote ziwani ni kuwaua. Kufungua moja moja, saa ya bomu isingengoja.

Sixtus na Mansuetus, wakemia wenyewe, walisimama kivulini na suti zao za Kaunda. Kila mmoja alidai ana digrii.

Lukresia alikuwa nayo ya kweli.

Aliwatenganisha. Akamchorea kila mmoja mchangani molekuli ile ile: kaboni nne mstarini, ya tano imening'inia kwenye ya pili. Akaigusa hiyo ya pili kwa kijiti.

"Ndugu, hii ni ya daraja la ngapi?"

Sixtus alimtazama kama amerukwa na akili. "La tatu. Imeshikana na kaboni tatu."

Mansuetus alitabasamu. "La kwanza, dada. Ina haidrojeni moja tu."

Lukresia nusura acheke. Kaboni hupangwa kwa kaboni jirani zake. Kwao Mbinga, hata mkulima wa ngoro, yale mashamba ya mashimo ya milimani, alijua shimo lake linapakana na mashimo mangapi bila kuhesabu mahindi. Mpumbavu huyu alitumwa kuua watu, akashindwa kusoma ukurasa mmoja wa kitabu cha sekondari. Dharau ya waliomtuma ndiyo iliyomuudhi zaidi.

Mkono wa Mansuetus ulikimbilia kiunoni. Ukakuta bastola ya Lukresia, Walther PPK, imeshamgusa ubavu.

Alimfunga pingu botini, juu ya makreti, akawashusha mabaharia wote.

"Twendeni tukanywe chai," akawaambia, akageuka.

Hawakufika mbali.

"Dada, rudi! La bluu. Chini, kushoto."

Lukresia alilibeba mbio hadi ncha ya gati, akalitupa kwenye maji marefu. Ziwa likapasuka. Usipa, dagaa wa ziwa hilo, wakanyesha juu ya mbao.

Mansuetus akashushwa gatini, na Emerensiana, muuguzi wa kusindikiza dawa, akapanda botini. Sixtus akamfuata. Injini ikanguruma kuelekea Lipingo.

Mansuetus, pingu mikononi na maji yakimchuruzika, aliuliza alikosea wapi.

"Gerezani utapata nafasi ya kusoma," Lukresia alimjibu, akaokota usipa aliyemnasa begani, akamtupa ziwani na kwenda zake.