Mwandani Aliyezibiwa Njia

Masomo yalipokwisha alasiri, Nyaduoth alimpelekea nyanya yake jerikeni ya maji, kisha akakimbilia darasa la kompyuta la Mwalimu Sylviane. Alikuwa amehamia Kakuma kutoka Kitale wiki iyo hiyo, na tayari alikuwa na adui.

Adui mwenyewe aliitwa Ekaale, mvulana wa Kiturkana. Siku ya kwanza, Nyaduoth alipoonyesha mchoro wake wa shujaa mwenye mkuki wa moto, Ekaale aliuchungulia akasema, "Ejok!" Wenzake wakacheka. Nyaduoth alikuwa Mnuer, na kwa Kinuer jiok ni mbwa. Mbwa! Tena mbele ya darasa zima! Aliukunja mchoro wake, moyo ukimchemka kama chungu kilichosahauliwa mekoni.

Darasa lilikuwa likiunda mchezo wa kompyuta wa kuonyeshwa mjini Lodwar. Shujaa anavuka nchi ya mazimwi akitafuta chemchemi iliyoibwa, akifuatana na mwandani wake. Mwalimu alimkabidhi Nyaduoth kisa cha mwandani huyo: anatoka wapi, anaficha siri gani, na mchezaji akichagua hili au lile, yanampata yapi.

Nyaduoth akamwita mwandani huyo Ekaale. Loo, alivyolifurahia jina hilo! Alimpa miguu ya woga na ulimi wa uongo. Mchezaji akimsamehe, fisi wanamla. Akimpa mkuki, unamgeukia. Akimficha pangoni, pango linaporomoka. Nyaduoth aliziba kila njia huku akitabasamu. Dawa ya moto ni moto, alijiambia.

Siku moja kabla ya safari, Mwalimu alimketisha Ekaale aujaribu mchezo. Ekaale aliliona jina lake kwenye skrini, akacheka. Akafa. Akaanza upya, akafa tena. Mwishowe kicheko kilimkauka.

"Nyaduoth, mimi nimekukosea nini? Hii mchezo hainiachii hata njia moja."

"Uliniita mbwa!"

"Mimi? Lini?"

"Ulipoona mchoro wangu. Ulisema jiok!"

Ekaale aliduwaa. "Nilisema ejok! Kwa Kiturkana ni nzuri. Wenzangu walicheka kwa sababu mimi huwa sisifu kitu. Hata nilitaka unifundishe kuchora."

Nyaduoth alitamani ardhi ipasuke immeze. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka. "Nisamehe, Ekaale."

"Nimekusamehe. Lakini niokoe na hao fisi!"

Mwalimu Sylviane hakumgombeza. "Hasira hasara, binti yangu. Mchezo ambao kila chaguo ni kifo, nani ataucheza? Kesho tungeaibika sote. Una jioni hii tu."

Nyaduoth aliandika upya. Sasa mwandani aliutazama mkuki wa shujaa akasema, "Ejok!" Shujaa akadhani ametukanwa. Mchezaji angeweza kumpiga, au kubonyeza swali: "Umemaanisha nini?"

Huko Lodwar, msichana mmoja aliyeujaribu mchezo aliinua mkuki wa shujaa. Ukumbi mzima, uliojaa Waturkana, ukapiga kelele: "Usimwue! Amekusifu! Muulize kwanza!"

Nyaduoth aliinamisha kichwa. Alijua kelele zile zilimhusu yeye. Msichana akabonyeza swali, na shujaa na mwandani wakaifikia chemchemi pamoja. Aliyeshangilia zaidi ni Ekaale.

Walipokuwa wakifunga kompyuta, Mwalimu aliwaambia, "Mmeona? Kisasi hakina masikio. Ukidhani umetukanwa, uliza kwanza. Mkuki ukishaurusha, hauitiki ukiitwa."