Aliyemuuza Arrieche

"Laini ya tatu, tunaye Renata kutoka Cheektowaga. Haya Renata, wiki hii umetuletea nini?"

"Nina hasira, Gus, ila nitajitahidi kuongea taratibu."

Mtangazaji akacheka. Renata Wojcik hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha dereva ndani ya basi la shule, basi tupu, hita inanguruma, nje theluji imefika kwenye magurudumu. Kila Jumanne mchana, akisubiri muda wa kuwafuata wanafunzi, alipiga simu kwenye kipindi cha michezo cha redio kuisema timu yake ya besiboli. Nusu ya Buffalo ilimjua kwa sauti.

"Tumemaliza msimu nafasi ya nne," alisema. "Wenzetu sasa hivi wanasajili watu wa maana. Sisi tumemuuza Wilmer Arrieche, mikono kama sumaku, mpira haumpiti. Tumepewa nini? Vijana watatu ambao ndevu hazijaota. Halafu tukasajili mrushaji mmoja wa miaka thelathini na saba mwenye kiwiko cha kushonwa. Ukiuliza, unaambiwa tunajenga timu, tuwe wavumilivu. Gus, mimi nimevumilia tangu nina meno ya utoto."

"Unamlaumu nani?"

"Pale ofisini kuna mtu na kompyuta yake. Hajawahi kula soseji uwanjani, hajawahi kulowa mvua na sisi. Anaangalia namba, anasema muuzeni huyu. Siku nikimpata nina neno moja tu la kumwambia."

"Neno gani?"

"Ukilirusha hewani watakufungia redio."

Alipokata simu, ujumbe ukaingia. Ulitoka kwa Warren.

"Nimekusikia. Leo ulikuwa moto. Baba yako bado ananialika jioni?"

Renata akatabasamu peke yake kama mtoto. Akaandika, "Njoo saa kumi na mbili. Usichelewe, mzee akiwa na njaa hana adabu."

Walikuwa na wiki sita tu tangu wajuane. Theluji ya kwanza ya Novemba ilipoanguka, gari la Warren Teague lilinasa katikati ya njia ya basi lake. Renata akashuka na koleo.

"Wewe si wa huku," alimwambia, akiangalia matairi yale.

"Nimetoka Ohio, mwezi wa tano."

"Hayo ni matairi ya kwendea ufukweni, kaka. Shika usukani, mimi nasukuma."

Warren alikuwa na miaka arobaini, mpole, mwenye miwani iliyokuwa inateleza kila akicheka. Siku ya pili alirudi na kahawa kumshukuru. Renata alimuuliza anafanya kazi gani.

"Nafanya mambo ya takwimu."

"Za bima?"

Warren alichelewa kidogo kujibu. "Kitu kama hicho."

Renata hakukutilia maanani kule kuchelewa. Alikuwa na miaka thelathini na nane, ameachwa mara moja, na ilikuwa zamani sana tangu mwanaume amletee kahawa bila kuombwa.

Jioni ile mzee Stan, baba yake Renata, aliyestaafu kiwanda cha chuma, alipakua pierogi, sambusa za kuchemsha za Kipoland zilizojazwa viazi, mpaka sahani ya Warren ikafurika. Mazungumzo yakaenda kulekule.

"Wanaogopa," alisema Stan. "Timu yenye woga haichukui kombe. Tupa pesa mezani, lete mpigaji mmoja anayetisha, mengine yatajipanga."

"Labda wanaona mbali zaidi yetu," alisema Warren. "Ukinunua mkubwa mmoja leo, baada ya miaka miwili amechoka na huna mtu nyuma yake."

Renata akaweka uma chini. "Kila nikiwasema hawa watu unakuwa wakili wao. Una nini nao?"

"Sina kitu. Nasema tu."

"Mwache mgeni ale," alisema Stan. "Ohio hawajui besiboli, si kosa lake."

Wakacheka wote watatu. Warren alicheka kidogo kuliko wenzake, akainamia sahani.

Januari ikafika na siku ya mashabiki, siku ambayo viongozi wa timu hukaa jukwaani kwenye ukumbi mkubwa na watu huwauliza wanachotaka. Siku tatu kabla, Warren akapiga simu.

"Jumamosi twende Niagara. Maporomoko yameganda nusu, yanapendeza. Tutakula huko huko."

"Jumamosi ni siku ya mashabiki, mpenzi. Nimeisubiri tangu Oktoba."

"Mwaka huu usiende. Utarudi na hasira tu."

"Hasira ninazo tayari, naenda kuzitua. Twende wote."

"Siwezi. Nimeitwa kazini."

"Jumamosi? Bima gani hiyo?"

Warren akasema, "Renata, nikuone kabla ya Jumamosi. Nina jambo la kukwambia."

Ijumaa jioni akaja mpaka mlangoni, akakuta Stan amebanwa na kifua na Renata anamtafutia dawa. Akakaa dakika kumi, akasema jambo lenyewe linaweza kusubiri, akaondoka.

Ukumbi ulijaa. Renata alivaa jezi ya Arrieche makusudi. Stan, kifua kikiwa kimetulia, alikaa pembeni yake na kofia ya timu. Zamu yake ilipofika akashika kipaza sauti.

"Naitwa Renata Wojcik, natoka Cheektowaga."

Watu wakapiga makofi. Waliitambua sauti.

"Swali langu ni fupi. Nani alishauri Arrieche auzwe?"

Jukwaani alikuwa Hollis Brandt, mkuu wa timu, mtu wa suti na meno mazuri. Akainama kwenye kipaza sauti chake akitabasamu.

"Uamuzi ni wangu, dada, lawama nipe mimi. Ila hizi hesabu sipigi mwenyewe. Tuna mtaalamu tuliyemchukua mwaka jana, na ningependa mmwone, kwa sababu miaka mitatu ijayo mtamshukuru. Warren, simama watu wakuone."

Safu ya nyuma, mtu mwenye miwani akasimama. Sehemu ya ukumbi ikazomea. Miwani ikateleza, akairudisha kwa kidole kimoja, na macho yake hayakwenda kwa waliokuwa wanazomea. Yalikwenda moja kwa moja kwa Renata.

Brandt akauliza, "Una swali lingine?"

"Hapana," alisema Renata. "Nimejibiwa."

Akamrudishia kipaza sauti mhudumu kwa upole, akamshika baba yake mkono. Wakatoka mpaka kwenye gari.

"Alikula kwangu," alisema Stan.

"Najua, baba."

"Mara nne."

Simu zikaanza kuingia. Hakupokea. Zikafuata meseji.

"Nilitaka kukwambia jana. Naapa nilikuja kwa ajili hiyo."

"Niliogopa ungeondoka."

"Renata, niambie hata neno moja. Lile la redioni pia sawa."

Hilo la mwisho nusura limchekeshe, na ndilo lililomuumiza zaidi. Akageuza simu kifudifudi.

Jumatatu mchana Warren alimfuata kwenye yadi ya mabasi. Renata alimfungulia mlango wa basi kwa kitufe, kama anavyowafungulia wanafunzi. Akapanda, akakaa kiti cha mbele.

"Nilipokusaidia kutoa gari," Renata akaanza, "ulikuwa unanijua?"

"Uso, hapana. Ulipofungua mdomo nikakujua. Ofisini tunasikiliza kile kipindi kila Jumanne. Wenzangu wanakereka ukipiga. Mimi nilikuwa naacha kazi nasikiliza."

"Kwa hiyo wiki zote hizi nakutukana na wewe unaniandikia kwamba leo nilikuwa moto."

"Ulikuwa moto kweli."

"Usinichekeshe. Nina swali moja kama lile la Jumamosi. Kwa nini mlimuuza Arrieche?"

Warren akavua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi.

"Siwezi kukwambia."

"Huwezi au hutaki?"

"Siwezi. Si jambo langu."

"Baba analaumu, mimi nalaumu, mji mzima unalaumu. Ukiwa na sababu nzuri ungeitoa ujiokoe."

"Ningekuwa na ruhusa, ningekupa wewe wa kwanza."

"Basi shuka, Warren. Nina watoto wa kuwafuata."

Akashuka. Renata akafunga mlango, akakaa dakika nzima mikono ikiwa kwenye usukani kabla ya kuwasha.

Jumanne hakupiga simu redioni. Kipindi kilipokwisha Gus mwenyewe ndiye aliyempigia.

"Tunasikia yule wa hesabu alikuwa mtu wako. Njoo hewani utueleze. Watu wanamtafuta, Renata, nusu saa nzima ni yako."

"Timu nitaisema mpaka nizeeke, Gus. Mambo ya mezani kwangu si kipindi."

"Unamtetea?"

"Simtetei. Simuuzi."

Akakata. Alijishangaa mwenyewe kwa jibu lile, maana hakuwa amelipanga.

Wiki zikapita. Timu haikusajili mwingine wa maana. Warren aliacha kutuma meseji, isipokuwa moja kila Ijumaa, fupi: "Kifua cha mzee kinaendeleaje?" Renata alikuwa akijibu neno moja: "Vizuri." Ijumaa moja alichelewa kuipata, akajikuta ameangalia simu mara tatu.

Februari, wachezaji walikwenda Florida kuanza mazoezi. Renata alikuwa anaosha vyombo, baba yake amewasha redio jikoni, sauti ya Arrieche ikasikika. Alikuwa anaongea na waandishi taratibu, anatafuta maneno.

"Binti yangu ana miaka minne. Kiangazi kilichopita tuliambiwa moyo wake una tundu, na madaktari wake wako Miami. Nilikwenda ofisini Buffalo, nikaomba wanipeleke timu ya karibu na hospitali. Nikawaomba wasimwambie mtu, kwa sababu mke wangu hakutaka mtoto awe habari. Waliojua walikuwa watatu tu. Wametukanwa miezi mitatu na hawakufungua mdomo. Wiki iliyopita binti amefanyiwa upasuaji, anaendelea vizuri. Sasa naweza kuwashukuru."

Stan akainuka akazima redio. Alisimama pale, mkono bado kwenye kitufe.

"Yule bwana alikaa hapa," alisema, akionyesha kiti. "Mimi nikamwambia Ohio hawajui besiboli."

"Ulimwambia."

"Na angeweza kunifunga mdomo kwa sentensi moja."

Renata alifuta mikono, akachukua simu, akatoka nayo barazani bila koti.

"Uko wapi?"

"Nyumbani," alisema Warren. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyesimama ghafla.

"Umekula?"

"Bado."

"Leo ni Ijumaa ya Kwaresima. Ukumbi wa parokia wanakaanga samaki. Baba anataka kukuona."

"Baba tu?"

"Njoo, Warren."

Alipofika, ukumbi ulikuwa umechangamka, harufu ya mafuta na kabichi imetanda. Stan alimwinukia, jambo asilolifanya kwa mtu yeyote isipokuwa padri.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Nimekusema vibaya mbele za watu wengi."

"Hakuna shida, mzee. Ulisema ulichokiona."

"Naenda kupanga foleni. Inasogea polepole, asante Mungu." Akaondoka akiwaacha wawili.

Renata alimwangalia. Alikuwa amekonda.

"Siri ya yule mtoto ulifanya sawa kuitunza," alisema. "Ningekuwa mimi sijui kama ningeweza. Ila ya kwako, ya kazi yako, ile hukuwa unamtunzia mtu. Ulikuwa unajificha."

"Ndiyo. Nilikuwa najificha."

"Na nimekusamehe, nadhani. Maana sasa najua hukumuuza. Aliomba mwenyewe."

Warren angeweza kuitikia tu. Yangeishia hapo, wangekula samaki. Badala yake akavuta kiti, hakukaa.

"Subiri kwanza. Kuna kitu lazima ukijue kabla hujanisamehe. Juni, kabla mtoto hajajulikana kuwa mgonjwa, mimi nilikuwa nimeshaandika ripoti. Nilishauri auzwe. Miguu yake imeanza kupungua kasi, miaka miwili ijayo utaiona. Brandt aliikataa. Baadaye Arrieche akaja kuomba mwenyewe. Lakini asingeomba, mimi ningeshauri tena."

Meza ya jirani watu walikuwa wanagombea chumvi.

"Kwa hiyo ulitaka kumuuza."

"Nilitaka."

"Arrieche wangu."

"Ndiyo."

"Na hakuna mtu angejua."

"Hakuna. Ila ningekuwa nakula hapa kwa jina la mtu mwingine."

Alishusha pumzi. Hasira ilimpanda, ile ile ya Jumanne, na chini yake kulikuwa na kitu kingine ambacho hakikuwepo siku ile ukumbini. Mtu huyu alikuwa amepewa msamaha mkononi, akaufungua kuhakikisha kama kweli ni wake.

"Wewe ni mkosaji, Warren," alisema. "Kuhusu miguu ya Arrieche umekosea kabisa, na nitakuonyesha."

"Nionyeshe."

"Sio leo tu. Itachukua muda. Misimu kadhaa."

Warren akamtazama, hakuwa na uhakika kama amesikia vizuri. "Misimu kadhaa?"

"Mimi si mtu wa kusajili kwa mwaka mmoja mmoja," alisema Renata. Akasogeza koti lake kutoka kwenye kiti cha pembeni. "Kaa huku, si huko mbali. Una kalamu?"

Warren alikuwa nayo mfukoni. Renata akavuta kitambaa cha karatasi, akaandika jina la Arrieche juu kabisa, akapiga mstari chini yake. Stan aliporudi na sahani tatu aliwakuta wameinamia karatasi ile, vichwa vinagusana, wanabishana kwa sauti ya chini. Aliweka sahani mezani, akala taratibu, na hakuwaambia kwamba chakula kinapoa.