Safu ya Majuto

Saa nne asubuhi. Chumba cha nyuma cha gereji, mlango umezibwa kwa tairi la lori.

Mhasibu alipiga magoti, akachora jedwali sakafuni kwa chaki. Kampuni ya saruji ilimfukuza kwa udokozi, lakini tai hajaivua mpaka leo.

"Karakana ya sonara ina njia mbili za kutokea," alisema. "Geti la mbele, au uchochoro wa nyuma. Polisi nao ama watachelewa, ama watawahi. Hilo hatulijui. Geti la mbele wakichelewa, tunaondoka na dhahabu yote. Wakiwahi, tunaozea jela. Uchochoroni tutabeba nusu tu, lakini hata wakiwahi tunapenya."

Kifua, mkuu wao, hata hakuinama kutazama. "Mbele. Mzigo wote."

"Wewe macho yako kwenye kisanduku kinono tu."

"Nimezaliwa kutazama vinono. Muulize huyu, nimemuoa dada yake."

Shemeji, dereva, hakucheka. "Mimi naanza na baya kuliko yote. Polisi wakiwahi, je? Uchochoro."

"Huyu ukimpeleka harusini anatafuta kwanza mlango wa dharura," Kifua alisema. "Na wewe Mhasibu?"

"Mimi natazama majuto. Nikichagua hili, kikatokea kile, nitajing'ata vidole kiasi gani? Nachagua pale nitakapojing'ata kidogo." Akachora safu moja zaidi pembeni, akaandika maneno mawili matatu, kisha akaifuta kwa kiganja kabla Shemeji hajaisoma.

Wakakubaliana uchochoro. Kifua alikubali upesi mno, ila Shemeji alifurahi kusikilizwa kwa mara ya kwanza, hakuhoji. Yeye angesubiri nyuma na teksi. Pikapu kuukuu angeiacha jirani na geti la mbele, likitokea la kutokea.

"Tukichelewa dakika kumi, ondoka," Mhasibu alimwambia. "Usisubiri maiti."

Asubuhi ile, kabla Shemeji hajaja gereji, dada yake alimshika mkono mlangoni, tumbo limemtangulia. "Kaka, dhahabu yao siitaki. Mlete baba wa mtoto. Mlete mzima."

Saa sita kasoro robo. Shemeji aliegesha pikapu, ufunguo akauacha chini ya zulia kama walivyopatana. Akafungua boneti, akachomoa kibano cha waya wa betri, akakitia mfukoni. Hufanya hivyo kwa kila gari analoegesha, hata la wizi. Mji umejaa wezi. Mkono ulikwenda wenyewe, akili ikiwa kwa dada yake. Kifua asingejua, huyo hajafungua boneti tangu azaliwe.

Saa sita na nusu mchana. Kengele ya karakana ililia. Shemeji aliwasha teksi. Uchochoro mtupu. Paka mmoja, ndoo moja.

Saa saba kasoro dakika ishirini. Dakika kumi zimekwisha. Mguu ulikuwa kwenye klachi, gia imeingia. Siku nyingine yoyote angekuwa ameshafika barabara kuu. Lakini aliona mkono wa dada yake juu ya mkono wake, akairudisha gia.

Akasubiri.

Polisi walikuja kutoka pande zote mbili, bila king'ora. Hawakuangaza huku na kule. Walikuja moja kwa moja kwenye teksi.

"Toka, mikono juu," askari alisema. "Namba ya gari tumepewa kwa simu, na uchochoro tumetajiwa."

Wakampekua, wakampandisha kwenye karandinga. Lilizunguka hadi upande wa mbele, na pale Shemeji akaona pikapu. Mafundi wa sonara walikuwa wameizunguka na nyundo zao. Ndani, Kifua alikuwa akizungusha ufunguo kama mtu anayepepeta makapi, injini haiwaki. Begi lilikuwa mapajani mwa Mhasibu.

Nao wawili wakapandishwa. Wakakaa wakitazamana, pingu zimefungwa kwenye benchi.

"Nani alipiga simu?" Shemeji aliuliza.

Akamgeukia Mhasibu.

"Ndiyo ile safu uliyoifuta."

Mhasibu alikohoa. "Hesabu zangu zilisema ungeondoka. Mtu mwoga huondoka. Polisi wangekukimbiza wewe, sisi tukatoka mbele."

"Na kama nisingeondoka?"

Mhasibu alimtazama Kifua. Kifua akatazama viatu vyake.

"Nilimwambia hutaondoka," alisema. "Nikamwambia, yule atanisubiri."

Askari aliinua kitu alichokitoa kwenye mfuko wa Shemeji. "Hiki chuma cha nini?"

"Cha betri, afande. Ya ile pikapu."

Mhasibu alipeleka kidole mdomoni. Pingu zikamzuia.

Karandinga likang'oka. Kifua aliinama, sauti ikashuka. "Shemeji. Dada yako asijue."

Shemeji alitazama barabara ikirudi nyuma kupitia nyavu za dirisha.

"Atakuja kututembelea," alisema. "Utamwambia wewe."