Pete Iliyokula Hewa

Saa nne asubuhi.

Chumba cha nyuma ya gereji kilinuka grisi, na watu waliokuwamo hawakuaminiana hata kidogo. Kipara, kiongozi wa genge, alikalia tairi. Msumari aliegemea mlango na bastola yake. Dereva alikaa pembeni. Aliyekuwa akizungumza ni Shemeji, mdogo wa mke wa dereva, fundi wa tanuri katika kiwanda cha vipuri vya ndege.

"Ni pete, ukubwa wa usukani. Titani, na ndani yake zimelazwa nyuzi nyembamba kuliko unywele. Inazunguka kwenye moto wa injini na haipasuki, na ni nyepesi, unaibeba kwapani. Miaka sita wanahangaika nayo. Imekubali hii moja tu."

"Na iko wapi?" Kipara aliuliza.

"Tanurini, inapoa. Titani ikiwa moto inakula hewa, na ikishakula inavunjika kama kigae. Ndiyo maana imefungiwa ndani ya gesi ya kuikinga. Mlango unafunguliwa saa kumi jioni. Kabla ya hapo msiiguse, jamani."

Kipara alimuuliza swali lilelile mara tatu, kila mara kwa maneno mengine, kama afanyavyo askari. Shemeji akajibu vilevile. Akawaachia ufunguo wa bandia wa tanuri na kwenda zake kujiandaa kwa zamu ya jioni.

Mlango ulipofungwa, Kipara alitema mate.

"Tunaingia saa sita."

"Bosi, kasema saa kumi," dereva alisema.

"Ndiyo maana naingia saa sita. Mtu akikung'ang'aniza saa, jua kuna watu kawapanga wakusubiri."

"Basi nimwambie..."

"Ukimwambia nitajua mko pamoja."

Dereva alifyata mkia. Mkewe ndiye aliyemlea yule kijana tangu mama yao alipofariki. Alimbeba mgongoni akienda naye shuleni. Dereva alijua angepaswa kusema zaidi. Aliogopa, akaenda kuwasha gari.

Saa sita mchana.

Gari lao la mitungi ya gesi lilipita getini bila kuulizwa, likaingia hadi karakana ya tanuri. Wafanyakazi walikuwa wakila. Mlinzi mmoja alifungwa kamba kabla hajamaliza kupiga miayo. Kutoka kwenye usukani dereva aliwaona Kipara na Msumari wakisimama mbele ya tanuri, taa nyekundu ikiwaka juu ya mlango wake.

"Bado ya moto!" alinong'ona.

"Fungua," Kipara alimwambia Msumari.

Mlango ukafoka. Msumari alichukua koleo ndefu ukutani, akaitoa pete. Ilikuwa nyekundu pembezoni. Mbele ya macho yao ikageuka manjano, kisha buluu, kisha ikawa ya kijivu. Waliitupa kwenye sanduku la bati, wakaondoka. Hakuna king'ora kilicholia. Hakuna askari aliyewasubiri. Dereva alidhani hilo lingemtuliza Kipara, lakini yeye alizidi kugeuka nyuma.

Saa nane.

Mnunuzi, mama wa makamo mwenye miwani, aliitazama pete bila kuigusa. Kisha akaigonga kwa kisu kidogo cha mfukoni. Gamba jeupe likabanduka. Akagonga tena, ufa ukapita kutoka ukingo hadi ukingo.

"Mmeifungua ikiwa moto," alisema. "Hii sasa ni takataka."

Akapanda gari lake, akaenda.

Dereva alisubiri Kipara ajilaumu, walau kidogo. Wapi!

"Kanitega," Kipara alisema taratibu. "Alijua nitabadili saa. Kanisoma yule mtoto. Mpigie, umwambie atusubiri kituo cha basi. Weka sauti tusikie wote."

Msumari aliisogeza bastola kwenye mbavu za dereva. Simu ikaita.

"Shem!" Sauti ilikuwa ya furaha. "Vipi, mmejiandaa? Mimi ndo napiga pasi sare. Dada kaniletea chakula, anakusalimu."

Dereva aliisogeza simu mdomoni. "Tusubiri kituo cha basi. Tunakuja."

"Haya, shem. Nakuaminia."

Kipara alikata simu. "Unamsikia anavyojifanya? Huyo leo analala barabarani, maiti."

Safari ilikuwa fupi. Mbele kulikuwa na njia panda: kulia ni kituo cha basi. Dereva aliwasha taa ya kulia, akapunguza mwendo kama mtu mtiifu. Kisha akakata kushoto, akakanyaga mafuta.

"Unakwenda wapi wewe?"

Lango la kituo cha polisi lilikuwa wazi. Aliingia kwa kishindo, akafunga breki katikati ya uwanja, akachomoa ufunguo, akautupa dirishani. Askari walitoka mbio na bunduki kutoka kila mlango. Msumari aliwahesabu kwa macho, akaiachia bastola sakafuni.

Kipara alimkaba dereva shati, povu mdomoni. "Kumbe msaliti ni wewe! Tangu lini?"

Dereva aliweka mikono yake yote miwili juu ya usukani, waione.

"Tangu ile kona."