Bahari Ipi?

Mzee Paskali wa Itigi aliumwa kifua, na alijua haponi. Alitaka kitu kimoja tu: kusikia sauti ya mwanawe Calist.

Calist alipunguzwa kazi reli, wakati ule watu walipopunguzwa ovyo. Akaenda kupika kwenye meli ya mizigo. Nyumbani aliacha namba ya simu ya meli.

Petro, mdogo wake, alikuwa mtu wa stesheni ya treni. Kila siku alikwenda posta kupiga namba ile. Haikupatikana.

"Amenikataa," alisema mzee. "Nikifa, asisogee kaburini kwangu."

Agripina, mke wa Calist, alisikia akiwa jikoni. Mkwe haingilii maneno ya baba mkwe. Akaendelea kukoroga uji.

Mzee akafa na uchungu wake. Wakamzika.

Baada ya matanga, Petro na Agripina walikwenda posta kumpa Calist habari. Walimkuta opereta mgeni, Klara.

"Meli iko wapi?" aliuliza Klara.

"Baharini," alijibu Petro.

"Bahari ipi?"

"Dada, bahari si bahari?"

"Iko Senegali," alisema Agripina. "Aliniaga akisema inahamia huko."

Klara akatazama namba yao, akatikisa kichwa. "Mnapiga 873. Hiyo ni Bahari ya Hindi. Senegali ni Atlantiki, anzeni na 871. Kila eneo la bahari lina setilaiti yake juu na vituo vyake nchi kavu. Maeneo yamegawanywa hivyo ili simu zisigongane. Meli ikivuka, inahamia setilaiti ya huko. Kaka, treni ikishatoka Manyoni, unaiulizia Manyoni?"

"Naulizia stesheni ya mbele," alisema Petro kwa sauti ndogo. Akamgeukia Agripina. "Ulijua iko Senegali?"

"Hukuniuliza, shemeji."

Klara akapiga 871. Simu ikaita. Sauti ikaja safi:

"Haloo? Baba? Shikamoo Baba!"

Agripina akampa Petro simu, amweleze yote.

Kuuliza si ujinga, tunasema. Nyumba ile iliuliza kila mtu isipokuwa mkwe. Sasa wanamuuliza yeye kwanza. Mama yao alipougua, Calist alipatikana siku ileile, wakaongea mpaka mama akacheka.

Calist alikuja likizo. Alimkumbatia mama yake, kisha akaenda makaburini. Alisimama mbali, kofia mkononi. Petro alimwita asogee. Hakusogea. Neno la baba lilikuwa limeshatoka, na wa kulitengua alikuwa amelala pale chini.